Dola Mia Saba Saa ya Kukamua

Mwezi Machi 2024 zilivuja nyaraka ambazo Sony ilikuwa imewapa watengenezaji wa gemu, na kila mwenye simu akajua kwamba PlayStation 5 ina kaka yake mwenye nguvu zaidi njiani. Humo ndani aliitwa Trinity. Karibu kila kitu chake kilitajwa: uwezo wa kuchora picha, kasi ya kumbukumbu, teknolojia ya akili mnemba ya kusafisha picha. Bei tu ndiyo haikuwemo. Kwa miezi sita iliyofuata, nyumba yetu ya Ngaramtoni iliishi kwa kukisia hiyo bei, na makisio hayo ndiyo yaliyouza mashine tuliyokuwa nayo na kumponza ndama wa mama mkwe wangu.

Nianze na hesabu, kwa sababu vijana wanaopenda gemu wanasingiziwa sana kwamba hawafikirii. Kijana wangu wa kwanza alikuwa na hoja, na hadi leo nasema ilikuwa hoja nzuri. PlayStation 4 ilitoka Novemba 2013 kwa dola 399. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2016, ikatoka ile yenye nguvu zaidi, PS4 Pro, kwa bei ileile ya dola 399, na ya kawaida ilikuwa imeshashushwa hadi 299. PlayStation 5 nayo ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499 ile yenye tundu la diski. Basi, akasema, mtindo ni huo: Pro itakuja kwa 499, ya kawaida itashuka. Aliandika yote hayo nyuma ya kalenda ya ukutani, kwa kalamu ya risasi, na kupiga mstari chini ya namba ya mwisho.

Bamdogo, mdogo wa mume wangu ambaye ana chumba chake uani na anaendesha bodaboda, alikataa. Alisema zamani bei zilishuka kwa sababu chipu zilikuwa zinazidi kuwa ndogo na rahisi kutengeneza, na zama hizo zimepita. Akamkumbusha mwanangu Agosti 2022, pale Sony badala ya kushusha bei ya PS5 iliipandisha Ulaya, Uingereza, Japani na kwingineko. "Andika 600," akamwambia, "na hapo ndipo mwisho, maana PlayStation 3 waliitoa kwa 599 mwaka 2006 na watu wakawakimbia." Binti yangu wa kidato cha pili, ambaye ukweli usemwe ndiye fundi wa gemu kuliko wote pale nyumbani, akaandika 550 katikati ya namba zao.

Dola wakati ule ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,700. Kwa hiyo hapo kwenye kalenda palikuwa na 1,350,000 ya kijana na 1,620,000 ya bamdogo, na kati yake 270,000. Kwa nyumba inayoishi kwa maharage, maziwa na bodaboda, 270,000 ni mbolea na mbegu za msimu. Ndiyo maana walibishana kwa sauti, na ndiyo maana sikuwanyamazisha.

Baba yao aliuliza swali moja tu, akiwa anavua viatu: "Hiyo picha safi mnayoisema, tivii yetu itaionyesha?" Tivii yetu ni ya inchi 32, ya kawaida, haina 4K. Hakujibiwa. Ilikuwa saa ya chakula, na nadhani ndiyo iliyomwokoa kila mtu.

Tukaweka kibubu cha mbao kabatini kwangu. Bamdogo aliweka pesa za safari za jioni, kijana aliweka za vibarua vya kuvuna maharage, binti akaweka za mayai, na mimi na baba yao tuliongeza kila tulipoweza. Lakini kibubu kilipanda polepole, na mwezi wa sita kijana akaja na hoja ya pili. Tuiuze PS4 yetu sasa hivi. Mashine mpya ikitoka, alisema, kila mtu atataka kuuza ya zamani, na za zamani zitajaa sokoni bei ianguke. Anayeuza mapema ndiye anayepata. Hata bamdogo alikubali, na si kawaida yao kukubaliana. Ikauzwa kwa 450,000 kwa mwenye kibanda cha gemu karibu na stendi, pamoja na pedi zake mbili na waya zote.

Juni na Julai huku kwetu ni miezi ya koti na shuka juu ya koti. Ukungu wa Meru unashuka hadi migombani, saa moja usiku kila mtu yuko ndani, na ndani hamna gemu. Nilidhani watasoma. Walikwenda kibandani. Pale mechi ni shilingi 500 na anayefungwa ndiye anayelipa, kwa hiyo binti alikuwa akirudi na pesa yake na kaka yake akirudi bila. Siku moja binti aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kuvua skafu, akaniambia, "Mama, tunalipia ya kwetu." Alikuwa amepewa pedi, akaona kwenye kitufe cha X doa dogo la rangi ya kucha, nyekundu, ambalo alilidondosha mwenyewe Krismasi alipokuwa akipaka huku anacheza. Ndiyo ileile. Walikuwa wakichomoa kwenye kibubu cha kununua mashine ili kulipia mashine waliyoiuza kujaza kibubu.

Nilikasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Nikafunga kabati kwa ufunguo. Lakini nilimwelewa mwanangu pia. Kusubiri kitu ambacho hujui bei yake ni kazi ngumu, na katika kusubiri huko mtu hufanya mengi ambayo asingeyafanya kama angeambiwa namba tangu mwanzo.

Septemba ikatangazwa kwamba Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine hizo, atazungumza Jumanne tarehe 10, kwa muda wa dakika tisa. Kwa saa zetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Saa kumi na mbili jioni kwetu ni saa ya kukamua.

Ng'ombe ni wa mama mkwe, ambaye watoto wanamwita koko, na jioni ile alikuwa amekwenda kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba. Zamu ya kukamua ilikuwa ya kijana. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa: akachota maji ya uvuguvugu, akaosha kiwele, akamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akamvuta pembeni na kumfunga kwenye nguzo. Fundo alilofunga ndilo la mtu anayeitwa. Bamdogo alikuwa ameshaisimamisha simu kwenye tawi la mparachichi, binti amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, baba yao amesimama nyuma mikono kifuani. "Linaanza!" Kijana akaiacha ndoo ya maziwa chini ya ng'ombe na kuja mbio huku anajifuta mikono kwenye suruali.

Cerny alizungumza kwa utulivu. Alionyesha gemu kushoto na gemu ileile kulia, akaeleza kwamba kichakataji cha picha kina vitengo zaidi kwa asilimia 67, kumbukumbu ina kasi zaidi kwa asilimia 28, na uchoraji wa picha unakwenda kwa kasi zaidi hadi asilimia 45. Akaeleza jambo ambalo wanangu walilielewa mara moja: kwamba wachezaji hulazimika kuchagua kati ya picha safi na mwendo laini, na wengi huchagua mwendo, na mashine hii imekusudiwa kuondoa huko kuchagua. Hapo nilimwona binti akitikisa kichwa kukubali. Hifadhi yake ni terabaiti 2. Kwenye skrini ya simu, chini ya mparachichi, kwa bando la bamdogo, picha ya kushoto na ya kulia zilikuwa sawasawa kwangu.

Bei ikaja mwishoni. Dola 699.99. Uingereza pauni 699.99, Ulaya euro 799.99. Kutoka tarehe 7 Novemba.

"Mia saba?" bamdogo akasema.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu sauti ya koko, aliyekuwa amerudi kutoka ibadani, ilitoka zizini. "Nani amemfungua huyu?"

Ndama alikuwa amesimama chini ya mama yake, kamba inaburuta nyuma, mdomo una povu hadi puani na tumbo limetuna pande zote mbili. Alikuwa amenyonya chuchu zote nne, na kwa kuwa alikuwa na muda, aliipiga teke na ndoo. Koko aliinama, akakibonyeza kiwele kwa vidole viwili, akanyanyuka. Hakupiga kelele. Aliuliza tu nani atakwenda kumwambia mama mwenye mtoto mchanga jirani yetu kwamba jioni hii hakuna maziwa, na nani atakwenda mgahawani barabarani. Kijana akaenda kwa jirani. Bamdogo akawasha pikipiki kwenda mgahawani.

Usiku ule ndama akaanza kuhara, kama anavyohara ndama yeyote aliyeshiba maziwa kupita kiasi. Tulimnywesha maji ya uvuguvugu yenye chumvi na sukari kwa chupa, mmoja ameshika shingo na mwingine ameinua taya, na asubuhi daktari wa mifugo akaitwa. Malipo ya daktari na fidia ya maziwa vilitoka kwenye kibubu. Hayo yalikuwa maagizo ya koko na hayakujadiliwa.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya kanisa. Kibubu kikafunguliwa na kuhesabiwa juu ya meza: pamoja na pesa ya PS4, tulikuwa na 1,260,000. Kijana alikuwa karibu sana na namba yake. Ile 1,350,000 aliyoipigia mstari kwenye kalenda ingefikiwa mwezi wa kumi. Lakini dola 700 ni 1,890,000, na hapo hujagusa usafiri, ushuru wa forodha wala VAT ya asilimia 18. Bamdogo ndiye aliyekuwa amekaribia kuliko wengine, na ninamheshimu kwa kuwa hakulitaja hilo hata mara moja.

Kisha koko akaomba simu. Alitaka kuiona hiyo mashine iliyomgharimu maziwa. Akaivuta picha kwa vidole, akaigeuza simu, akaitazama tena. "Ya zamani ilikuwa na mdomo," akasema. "Hii inakula wapi?"

Binti akamweleza kwamba haina tundu la diski. Diski ukitaka, unanunua kifaa chake pembeni kwa dola 79.99 na kukibandika, na siku ya kukibandika lazima uwe na intaneti ili mashine ikikubali. Ni 216,000 nyingine kwa hesabu yetu. Na katika wiki zile vifaa hivyo vilikuwa vimeisha katika maduka mengi ya huko vinakouzwa, kwa sababu watu waliponyimwa tundu waliwahi kifaa.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama, maana katika miezi yote ya makisio, watu walibishana juu ya kasi na bei, na tundu la diski lilitajwa kidogo mno. Kwetu tundu ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Diski moja ya mpira ikinunuliwa mjini Arusha inachezwa kwetu, inakwenda kwa binamu zao, inabadilishwa na ya magari, inarudi, na msimu ukiisha inauzwa kwa mtu mwingine ambaye naye ataiazima. Kijana asiye na pesa ya gemu anapata gemu kwa kuwa na rafiki. Mashine isiyo na tundu inataka kila gemu inunuliwe mtandaoni kwa akaunti, ishushwe kwa makumi ya gigabaiti, ibaki humohumo. Huwezi kuiazima. Huwezi kuiuza siku ada ya shule inapokaribia.

Na hiyo akaunti yenyewe ni ya kuazima jina. Duka la PlayStation mtandaoni halijafunguliwa kwa Tanzania. Katika Afrika liko Afrika Kusini. Vijana wetu hujiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine na kununua kadi za pesa za nchi hiyo, na wanaishi wakijua kwamba walichonunua kimekaa juu ya anwani isiyo yao. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2024 ilionekana jinsi jambo hilo linavyoweza kuumiza. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, yetu ikiwemo. Wachezaji walipopiga kelele, sharti la akaunti likafutwa. Binti yangu alilisoma hilo kwenye simu na kulieleza kikaoni kwa ufasaha ambao natamani mwalimu wake wa uraia angeusikia. Akamalizia, "Koko, wametutengenezea nyumba halafu mlango wameuweka nchi nyingine."

Koko akarudisha simu. "Basi rudisheni yenye mdomo."

Haikuwa rahisi kuirudisha. Mwenye kibanda naye anafuatilia habari. Alikuwa amesikia mia saba, akakaa akafikiri, na hoja yake ilikuwa kinyume kabisa cha ile ya kijana wangu: kwa bei hiyo hakuna mtu Ngaramtoni atakayehama, kwa hiyo za zamani hazitajaa sokoni, kwa hiyo PS4 imepanda. Aliinunua kwa 450,000, sasa anataka 550,000. Na alikuwa sahihi. Kijana alirudi nyumbani amenyong'onyea, si kwa sababu ya laki moja bali kwa sababu hoja ya mwenzake ilikuwa safi kuliko yake.

Ikapita Oktoba. Ilikuwa Alhamisi tarehe 7 Novemba, siku ileile mashine mpya ilipokuwa ikitoka katika nchi za wenzetu, na kwetu ni siku ya soko. Barabara ya Namanga ilikuwa imefungwa na daladala, kina mama wametandaza nyanya na maharage hadi ukingoni, na binti alitoka shuleni akanikuta nauza mayai. Akaniomba twende wote kibandani. Nikamwachia jirani meza.

"Shikamoo, mjomba," akamwamkia.

"Marahaba. Mchezaji wangu umeadimika."

"Mjomba, chai ya hapa unaipika na maziwa ya nani?"

Yule bwana akacheka. Anauza chai na maandazi kwa wachezaji, na maziwa anayachukua kwa mchuuzi anayekuja siku akipenda. Binti akamwekea mezani jambo lake: 500,000 taslimu, na 50,000 iliyobaki alipwe kwa maziwa, lita moja kila asubuhi kabla ya saa moja, hadi deni liishe. Mwenye kibanda akanitazama mimi. Nikasema ng'ombe si wangu, lakini mwenye ng'ombe nitazungumza naye. Walipatana pale pale, na pedi yenye doa la rangi ya kucha ikatajwa kwa jina ndani ya mapatano, isije ikabadilishwa.

Koko alikubali kwa sharti moja, kwamba saa kumi na mbili jioni mashine iwe imezimwa na ndama amefungwa na mtu mzima. Pesa iliyobaki kibubuni ikagawanywa kwa wenyewe; bamdogo alibadilisha matairi, na magunia mawili ya mashudu yakaletwa zizini bila mtu kuulizwa.

Mashine ilirudi ikinguruma. Bamdogo na kijana waliifungua usiku uleule juu ya gazeti. Vumbi letu la Ngaramtoni ni laini, la kijivu, ni jivu la mlima lililosagika, na lilikuwa limejaa katikati ya mabawa ya feni hadi hewa haipiti. Walilitoa kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Chini ya bati la kupoza, ile dawa inayokaa juu ya chipu ilikuwa imekauka na kupasuka vipande. Wakaifuta kwa pamba yenye spiriti na kupaka nyingine ambayo bamdogo aliinunua mjini. Walipoiwasha, koko aliyekuwa amekaa karibu kabisa nayo aliuliza kama imewaka kweli.

Gemu ya mpira ya mwaka ule, EA Sports FC 25, ilikuwa imeshatoka tangu Septemba, na ilitoka kwa diski hata kwa PS4. Waliinunua kwa kuchanga na binamu zao wa Olmotonyi, nusu kwa nusu. Mashine inainakili gemu ndani, lakini haikubali kuifungua diski isipokuwemo, kwa hiyo inachezwa nyumba moja kwa wakati mmoja, na makabidhiano ni kila Jumapili baada ya ibada. Wiki hii iko Olmotonyi. Kijana alipiga simu Jumatano kuomba aifuate Alhamisi, kwa kuwa ana wageni. Akajibiwa kwamba mapatano ni Jumapili, na kwamba mara ya mwisho iliwafikia ikiwa na alama ya kidole chenye siagi. Binti anasema kidole hicho ni cha kaka yake. Kaka yake anasema yeye hali siagi, na sote tunajua anakula.